Kuku wa Kwenda Litein

Nilifukuzwa kwenye chumba cha mama yangu mzazi kwa kosa la kuchekesha. Sikuvunja kikombe, sikupiga kelele, sikuamsha mtoto. Nilichekesha tu. Alikuwa ametoka hospitali jana yake, tumbo limeshonwa, watoto wawili wamelazwa kando yake kama mikate iliyofungwa vizuri dukani, nami nikauliza kama walipompasua hawakuipata ile rimoti yetu iliyopotea Krismasi. Mama alitoa "ha" moja. Moja tu. Halafu akajishika tumbo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akaninyooshea kidole mlangoni.

"Toka! Unataka nyuzi zikatike? Nenda ukachekeshe kuku huko nje."

Kuanzia hapo sheria ikawa kwamba mguu wangu usivuke kizingiti cha chumba chake mpaka kidonda kipone. Nikitaka kumwona mama yangu nasimama mlangoni kama mtu anayeuza soksi.

Sasa, ili uelewe uchungu wangu, lazima unijue kidogo. Mimi ni msichana, niko kidato cha tatu, na nilikuwa mtoto wa pekee kwa miaka kumi na sita, cheo nilichokuwa nimekizoea kabisa. Shule yangu ni ya bweni, na huko nina sifa moja ambayo walimu hawaiandiki kwenye ripoti: nikiingia mahali, watu hucheka. Halafu fikiria mtu kama huyo anafika nyumbani likizo ya Agosti na kukuta yule anayempenda kuliko wote amekatazwa kucheka. Ni kama fundi viatu aliyehamia nchi ya watu wasio na miguu.

Nyumbani ni Boito. Shamba letu la chai linaanza nyuma ya choo na kuteremka mpaka mtoni. Tulikuwa watu wanne: mimi, Baba, Mama na Kogo, yaani nyanya yangu, mama yake Baba. Mama hakutoka huku. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa kwenye ndizi, wenye lugha nyingine, kuchuma chai ya kampuni, naye akazaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizoshikana mabega. Kwa hivyo yeye na Kogo huongea Kiswahili. Wakielewana ni kwa Kiswahili, na wakikosana pia ni kwa Kiswahili, ndiyo maana mimi sijawahi kupitwa na kitu.

Pacha wenyewe ni msichana na mvulana. Msichana ndiye mkubwa, na alitoka akipiga kelele kama matroni aliyekuta kitanda hakijatandikwa. Mvulana, mdogo, ndiye aliyekuwa amekaa vibaya tumboni mpaka daktari akasema hapa ni kisu. Alitoka amelala. Nadhani hata hakujua kwamba amezaliwa.

Siku ileile niliyofukuzwa walikuja akina mama wa kanisa. Walibeba thamosi za chai, kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, na kuku. Huku kwetu ukizaa unaletewa kuku, na kwa kuwa watoto walikuwa wawili, kila mtu aliona heshima ni kuleta kuku wawili. Nyuma ya jikoni palikuwa na kuku waliofungwa miguu mpaka hakuna pa kukanyaga. Wageni wakaimba, wakaomba, wakanywa chai yetu juu ya chai yao. Halafu mmoja mwenye kofia nyekundu akamshika Mama mkono, akamtazama kwa huruma nyingi.

"Pole sana, mama. Wewe hukuzaa, ulitolewa. Lakini Mungu ni yule yule."

"Asante," Mama akajibu, akatabasamu vile watu hutabasamu kwa picha ya kitambulisho.

Walipoondoka nilimsikia akiongea na Baba, polepole, maana hata sauti ilikuwa inavuta nyuzi.

"Sawa. Nilitolewa. Lakini kunyonyesha hakuna daktari atanifanyia. Hawa wawili nitawanyonyesha mimi mwenyewe."

"Sawa," Baba akasema, akaenda kuleta mto. Baba akikosa la kusema huleta mto. Kufikia jioni Mama alikuwa amezungukwa na mito yote ya nyumba, pamoja na ile ya kochi yenye vitambaa alivyofuma Kogo kwa mkono, ambavyo mimi nikivikalia tu ninaitwa mhalifu.

Shida ilikuwa maziwa yenyewe. Yalitoka matone matone, mazito, ya manjano kama siagi iliyoanza kuyeyuka. Sista wa kliniki alikuwa ameeleza vizuri: hayo ndiyo ya kwanza, na yanatosha, kwa sababu tumbo la mtoto mchanga ni kama gololi. Kwa mama aliyepasuliwa, maziwa mengi huweza kuchelewa kidogo. Cha maana ni watoto wawekwe kifuani, wanyonye mara kwa mara, wakilala waamshwe. Mama aliamini. Kogo hakuamini.

"Hiyo maziwa iko na dawa," alisema, huku amesimama katikati ya sebule kama anahutubia mkutano. "Si walimdunga dawa ya kukatwa? Sasa hiyo dawa ilienda wapi? Ilishuka kwa matiti. Angalia huyu kijana. Akinyonya kidogo, analala. Huyu amelewa."

"Kogo, watoto wote hulala," nikasema.

"Wewe ulikuwa hulali. Ulikuwa unapiga kelele tangu siku ya kwanza na hujanyamaza."

Ng'ombe wetu alikuwa amezaa karibuni. Kila asubuhi Kogo alichemsha maziwa, akayamimina kwenye kikombe cha buluu, akakifunika na kisosi na kukiweka kwenye kabati. Hakumlazimisha mtu. Kikombe kilikaa tu pale kikingoja, na Mama alikuwa anakiona kutoka kitandani kila mlango ukifunguliwa.

Kufikia siku ya kutoka hospitali mdogo alikuwa amepungua uzito. Sista alikuwa amesema kupungua kidogo mwanzoni ni kawaida, lakini huyu amepita kidogo kawaida yenyewe. "Mlete Ijumaa nimpime. Kama hajaongezeka tutamsaidia na maziwa ya mkebe, na hakuna aibu hapo, mama." Yote hayo Mama aliyasikia, lakini neno lililobaki kichwani ni mkebe. Mtu aliyeambiwa kuzaa hakuzaa hakutaka tena aambiwe kunyonyesha hakunyonyesha.

Pia alikuwa amefundishwa namna ya kumshika mtoto baada ya upasuaji: chini ya kwapa, ubavuni, asilale juu ya kidonda. Lakini alifundishwa haraka, kwa mwanasesere aliyepoteza mguu mmoja, wodi nzima ikiita "sista! sista!", na yeye mwenyewe akiwa bado hajui miguu yake iko wapi. Nyumbani yote yakapotea. Akarudia vile alivyoninyonyesha mimi, mtoto mapajani, kichwa kwenye kiwiko.

Siku iliyofuata Kogo alinituma nimlete kuku mwekundu, wa supu ya Mama. Nilimfungua, nikampachika kwapani, nikapita sebuleni kwenda kumwonyesha Kogo, ambaye alikuwa chumbani kwa Mama. Nikasimama kwenye mpaka wangu, kizingitini.

Mama alikuwa amekaa kitandani ameinama kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Mdogo alikuwa amelazwa mapajani, mwili wake umeegemea tumbo la Mama, na kila akilitafuta titi anakanyaga kidonda. Mguu wenyewe haufiki kidole gumba cha Baba, lakini ukigusa pale Mama anauma ncha ya leso. Mto mmoja umeteleza, mwingine umeanguka, na Baba nilimsikia akija na mwingine. Mtoto akalia. Akashika titi kwa ncha, akaliachilia. Akalia tena, akachoka, akalala.

Mama akafumba macho.

"Lete kikombe," akamwambia Kogo. "Lete tu."

Sijawahi kusikia sauti hiyo kwa mama yangu. Huyu ni mtu aliyewahi kumrudisha fahali wa jirani nyuma kwa kutumia kandambili. Kogo mwenyewe hakufurahi. Aliinuka polepole, akapita karibu yangu kuelekea kabatini, akarudi na kikombe, hata kunikemea akasahau.

Kuku akajitikisa. Nikambana kwa kiwiko, na nilipoinama kumtazama ndipo nikamwona jinsi alivyokaa. Kichwa mbele, kinachungulia dunia. Mwili ubavuni mwangu. Miguu imeelekea nyuma, inapiga hewa tu, haigusi tumbo langu hata kidogo. Chini ya kwapa.

"Mama," nikasema, "mshike kama kuku wa kwenda Litein."

Kogo akageuka, kikombe mkononi. Hata kuku aliinua kichwa.

"Umesema nini?" Kogo akauliza.

"Kuku wa sokoni. Kichwa mbele, miguu nyuma. Hapo ataweza kupiga teke? Atapiga ukuta."

"Mjukuu wangu unamwita kuku?"

"Simwiti kuku, Kogo. Nasema ashikwe!"

Mdomo wa Mama ukaanza kutetemeka. "Usinichekeshe. Nakuomba kwa jina la Yesu, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi! Leo ndiyo mara ya kwanza maishani sikuchekeshi!"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Baba alikuwa ameingia na mto wake, Mama akamnyang'anya, akaukandamiza tumboni na kucheka. Akacheka mpaka mwisho wa kicheko. Kumbe ukikandamiza mto kwenye kidonda unaweza kucheka bila kufa, jambo ambalo lingeniokoa na kifungo kama lingejulikana mapema. Baba akatutazama mmoja mmoja, akatutazama na kuku, akaenda kuleta mto mwingine.

Kogo hakuwa anacheka. Alikuwa ameangalia kwapa langu kwa makini sana, kama mtu anayekagua kazi mbovu. Akaweka kikombe chini.

"Wewe hata kubeba kuku hujui," akaniambia. "Umemkaba shingo. Kuku hakabwi shingo, atapigana na wewe. Lete."

Akanipokonya. Kogo alianza kupeleka kuku soko la Litein kabla Baba hajazaliwa, kwa miguu, mmoja kila upande, na anajivunia kwamba hakuna aliyewahi kumponyoka. Akatuonyesha: kiganja chini ya mabega, vidole vimeshika tu, shingo imeachwa huru igeuke inavyotaka. Kuku akatulia kama yuko kanisani.

"Mwache ajue kichwa ni chake," Kogo akasema.

Mama akaacha kupangusa machozi. "Sista alisema hivyo hivyo. Alisema nisimsukume kichwa. Nishike mabega, nimlete kwa titi mdomo ukiwa umefunguka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimesahau mpaka nione kuku!"

Kogo akanirudishia kuku, akaenda kunawa mikono. Akaupanga mto wa kochi ubavuni mwa Mama, kitambaa chake cha kufuma kikiwa juu, wala hakukiondoa. Akamchukua mdogo, akampitisha chini ya mkono wa Mama, miguu ikaelekea nyuma kwenye mito ya Baba, ambayo hatimaye ilipata kazi. Kiganja cha Mama kikaingia chini ya mabega. Mama akaegemea nyuma, mgongo umenyooka, kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani hakuinama.

Mdogo akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Akafungua mdomo kama mwanafunzi anayepiga miayo saa ya prepu, na Mama akamleta. Akashika. Si ncha, akashika kisawasawa, mashavu yakajaa.

Kogo akainamisha sikio karibu naye. Sisi wote tukashika pumzi. Nilimziba kuku mdomo.

"Anameza," Kogo akanong'ona. "Sikia. Anameza."

Nami nikasikia, sauti ndogo kabisa, kh, kh, kama mtu anayetembea kwa viatu vipya mbali sana. Mama alikuwa anamwangalia tu, na ule uso sijui niuelezeje. Uliwahi kumwona mtu ambaye ameitwa mbele ya shule nzima kuchukua zawadi, na bado hajaamini ni jina lake? Huo.

Nilikuwa nimevuka kizingiti bila kujua. Nilikuwa katikati ya chumba na kuku. Hakuna aliyenifukuza.

Siku hizo zilizobaki kabla ya Ijumaa nilipewa kazi rasmi. Mdogo alikuwa na tabia ya kulala katikati ya kunyonya, na mimi, bila kujisifu sana, ni mtaalamu wa kuamsha watu. Bwenini wananiogopa. Ndoo ya maji baridi sikuruhusiwa, lakini nilimvua blanketi, nikamkuna nyayo, nikampangusa mashavu kwa kitambaa chenye unyevu, nikamwimbia wimbo wa mchaka mchaka. Anakunja uso kama mwalimu wa zamu, halafu anaendelea kunyonya. Yule mkubwa hakuhitaji huduma zangu. Yeye alinyonya kana kwamba kuna foleni nyuma yake.

Siku nyingine waliamka pamoja, na Mama akawapachika wote wawili, mmoja kila kwapa. Nikamwambia amebaki kuulizwa bei tu. Akatafuta mto haraka.

Kikombe cha buluu kiliendelea kujazwa kila asubuhi. "Kikae tu," Kogo alisema. Kitambaa chake cha kufuma kilishapata doa la maziwa, na nilingoja alalamike. Hakulalamika. Alikuwa anakaa kando ya kitanda akisimamia mkono wa Mama kwa ukali. "Shingo! Umeanza kukaba shingo!"

Halafu asubuhi moja Mama akaamka fulana imelowa mbele yote, na shuka la kitanda pia. Nilitoka nje nikapiga kelele, "Kiwanda kimefunguliwa!" Baba alikuwa chini shambani anachuma. Alipanda mbio na kikapu mgongoni akidhani kiwanda cha chai kimetangaza bonasi. Alipoambiwa ni nini hasa, alisimama pale uani akihema, akasema hiyo ni kubwa kuliko bonasi, halafu akaona aibu kwamba amesema, akarudi kuchuma.

Lakini maziwa kuja na mtoto kuongezeka ni mambo mawili. Kogo alimpima mdogo kwa mikono kila jioni na kila jioni akasema, "Sijui." Ilibaki Ijumaa.

Tulienda kliniki na pikapu ya jirani, ambayo ilikuwa bado inanuka majani mabichi. Mama alikaa mbele na mkubwa, Kogo akambeba mdogo. Aliweka thamosi ndogo kwenye kikapu chake, maziwa ya ng'ombe, ya moto. Mama aliiona. Akatazama barabara tu mpaka Litein.

Sista alianza na mkubwa, akasema huyu hana maneno. Ikaja zamu ya mdogo. Akamlaza kwenye mizani, mshale ukapanda, ukacheza, ukasimama. Sista akaangalia uzito wa mwisho, akaangalia mshale tena.

"Ameongezeka."

"Kongoi! Asante Mungu!" Kogo akaanza, mikono juu.

"Ngoja," Baba akasema.

Sasa lazima nieleze kitu kuhusu Baba na mizani. Kwenye kituo cha kununulia majani, Baba ndiye anayejulikana kwa kubishana na karani. Karani hutoa uzito wa gunia kwenye jumla, na kukiwa na mvua hutoa pia uzito wa maji, na Baba hutaka kuona kila kinachotolewa. Ni maisha yake yote. Baba haamini uzito wowote mpaka ubishaniwe.

"Sista, umetoa ya nepi?"

"Nepi gani, baba?"

"Hiyo amevaa. Imelowa. Toa ya maji."

Nilitaka sakafu inimeze. Kogo akamgeukia mwanawe. "Wewe unapunguza mtoto wako mwenyewe?"

"Nataka uzito wa kweli," Baba akasema, na sauti yake haikuwa ya kubishana. "Kesho mtu asije akamwambia mama yake kwamba alipimiwa maji."

Mama alimtazama. Sista naye alimtazama, kisha akaacha kutabasamu, akamvua mdogo nepi, fulana, soksi, kila kitu, mpaka akabaki vile alivyotolewa. Akamrudisha kwenye mizani.

Mshale ukashuka. Mama akanishika mkono, akaniumiza. Mshale ukatetemeka, ukasimama, na Sista akainama kuusoma.

"Bado ameongezeka. Na vizuri. Hii yote ni mwili."

Mdogo, akiwa uchi mbele ya watu, akachagua wakati huo kukojoa. Ilipanda juu kama bomba lililopasuka na kutua kwenye koti la Baba la kanisani.

"Pima tena," nikasema. "Sasa ndiyo hana maji kabisa."

Mama akacheka. Hakukuwa na mto. Alijishika tu ubavu kwa mkono mmoja na kucheka, na Baba pia akacheka, koti linadondoka.

"Mkebe hatuhitaji," Sista akamwambia Mama. "Endelea hivyo hivyo. Unamshika vipi?"

"Kama kuku, sista."

Nje, kwenye benchi, palikuwa na msichana mdogo kuliko walimu wanaokuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, mtoto mchanga mapajani, ameinama na kuuma midomo. Mimi sasa ninaijua ile namna ya kuinama. Mama aliijua kabla yangu. Akanipa mkubwa, akaketi kando yake.

"Walikupasua?"

Msichana akaitikia kwa kichwa.

"Mimi pia. Umewahi kubeba kuku kupeleka sokoni?"

Msichana akamkodolea macho, halafu akanitazama mimi, kama kuuliza huyu mama yuko sawa. Lakini tayari Mama alikuwa anampanga mtoto, kiganja chini ya mabega, na Kogo amesimama juu yao akipaza sauti kliniki nzima isikie: "Usimkabe shingo!"

Mtoto alipotulia na kushika, msichana akauliza, kwa sauti ya chini, "Na wewe, wako ni wangapi?"

"Nimezaa wawili," Mama akasema. Alilisema lile neno polepole, na kwa sauti, na akina mama wote wa kwenye benchi wakageuka kumtazama. "Juzi tu. Nimezaa wawili."

"Watatu!" nikamkumbusha. "Mbona unanisahau?"

Kogo akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa ile thamosi, akamimina maziwa kwenye kifuniko na kunipa.

"Kunywa," akasema. "Wa maziwa ya ng'ombe umebaki wewe."